Pweza wa shangazi

Juzi kwenye daladala jamaa kanibishia eti kufunga mwamba, yaani kuzuia watu wasivue pweza hapo miezi kadhaa ili wakue, ni mambo ya wafadhili tu, pweza hawamaliziki, wapo toka enzi za mababu. Nikamwambia ndugu yangu, wewe pweza unamjulia kwenye supu.

Mie nimekua namfuata shangazi mwambani siku za bamvua, maji yakishakupwa mpaka kulee, yeye mbele na nondo yake mie nyuma na ndoo, na alikuwa hakosei, akiona maganda ya kaa na chaza yamerundikana mlangoni mwa shimo anajua mwenyewe yumo. Siku hiyo kakuta shimo limezibwa vijiwe, akachokoa weee, akatoka jike kubwa lakini legevu, limekonda, halina hata nguvu ya kung'ang'ania jiwe. Nikachungulia ndani. Kwenye dari la shimo zinaning'inia nyuzinyuzi nyeupe, vipunje vidogo kuliko mchele. "Mayai hayo mwanangu," akasema, kisha kimya. Ila kwenye ndoo pweza aliingia, nyumbani watu wanataka kula.

Baadaye sana ndo nikajua kule kukonda ni kwa nini. Jike hutaga mara moja tu maishani, akishataga hagusi chakula, anakaa palepale anayapulizia maji na kuyasafisha wiki kadhaa mpaka vitoto vitoke, halafu anakufa. Na umri wenyewe wote mwaka na ushee hivi! Ukimtoa mapema, mayai maelfu kwa maelfu ndo basi tena, samaki wanayamaliza.

Lakini huyohuyo anakua kwa kasi si mchezo, ndo maana kufunga miezi miwili mitatu tu kunaonekana, sio kama chewa ambaye utamsubiri miaka. Kijiji cha Andavadoaka kule Madagaska walianza kufunga 2004, na kwetu Kisiwa Panza, Pemba, nao wakaja kufunga.

Linalonikera mie ni jingine. Mwamba wa karibu ukifungwa anayeumia ni mama anayekwenda kwa miguu, mwanaume ana ngalawa na miwani yake anazamia kwengine, halafu siku ya kufungua yeye huyohuyo kawahi. Shangazi siku hizi magoti yamemgomea, anauza mihogo tu barazani, ila mtajie kikao cha kamati ya uvuvi uone, hata hajamaliza kukusikiliza anauliza: wanawake wapo wangapi?