Swichi ya stoo ndo ilikuwa inatutesa

Jamani wiki nzima neti ya ofisi inajikokota, nimebadilisha kebo, nimezima ruta nikawasha, wapi. Kumbe swichi moja kuukuu ya neti (kale kaboksi ka kuunganishia kebo) kule stoo ndo ilikuwa mzizi wa spaningi trii, yaani ule utaratibu wa swichi kuchagua mmoja wao awe kitovu na kufunga njia za ziada neti isijifunge kitanzi! Hakuna aliyewahi kugusa praioriti, ile namba ya kuchagulia mzizi, yenye ndogo ndo anashinda, zote ziko 32768 vilevile zilivyotoka kiwandani, sasa zikilingana anashinda mwenye anwani ya MAC (namba ya kifaa ya kutoka kiwandani) ndogo, na mara nyingi hiyo ni swichi ya zamani, basi trafiki ya jengo zima ikawa inazungukia kwenye kale kamashine. Inauma kweli. Nimeweka swichi kuu 4096, ya akiba 8192, neti ikakatika kidogo halafu ikafunguka, dada wa mapokezi kanipigia kuuliza nimefanyaje.