Rais wa mwaka mmoja, mradi wa miaka mitatu

Katika klabu za kujitolea kama yetu, rais hukaa mwaka mmoja tu. Kwa sisi wa Rotary mwaka huo huanza Julai 1 na kwisha Juni 30, na atakayekufuata anajulikana mapema. Mara nyingi hata wa baada yake keshapatikana. Ni utaratibu mzuri, maana hakuna anayepata muda wa kuigeuza klabu kuwa mali yake. Ubaya wake utauona siku ukienda kutembelea mradi uliozinduliwa miaka kadhaa nyuma, bila kutoa taarifa na bila mpiga picha.

Mimi niliuona kwenye pampu ya mkono. Klabu yetu ilikuwa imechimba kisima mahali fulani na kukiwekea kibao chenye jina la rais wa mwaka ule, tarehe na nembo. Kibao kilikuwa kizima kabisa. Mpini wa pampu ulipanda na kushuka bila uzito wowote, na aliyewahi kuteka maji anajua hiyo ni ishara gani. Fundi niliyekwenda naye aliifungua, akavuta vyuma vya ndani kimoja kimoja, akaniwekea kiganjani kipete cha mpira kilicholika upande mmoja. Kitu cha kuingia mfuko wa shati.

"Ni hiki tu," akasema.

Namba ya aliyeifunga pampu ile alikuwa nayo mwanachama mmoja aliyekwisha kuhama. Picha za uzinduzi tulikuwa nazo sote.

Wakati huo nilikuwa rais mteule, nimebakiza miezi michache nivishwe mkufu wa urais. Nikaamua mwaka wangu usiwe na mradi wake peke yake. Nilitaka kazi moja ya maji ipite mikononi mwa marais watatu bila kufa njiani. Marais wateule wa klabu nyingine wamekuwa wakiniuliza tuliwezaje, nami nimechoka kuwajibu mmoja mmoja kwa simu.

Sikuanzia kwenye mkutano wa klabu. Nilianza na watu wawili: anayenifuata na anayemfuata yeye. Anayenifuata ni mkunga mstaafu, mama mwenye maneno machache. Nilimweleza kwa kirefu, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Na mimi mwaka wangu nitafanya nini, nikumalizie wewe?"

Lilikuwa swali la haki kabisa. Watu husema kiongozi mzuri hajali sifa. Labda. Mimi nimekaa miaka na watu wanaofanya kazi bila malipo, na sijamwona hata mmoja aliyefurahi kutolipwa na kutotambuliwa kwa wakati mmoja. Mpango unaowataka marais wawili wawe wasindikizaji wa yule wa kwanza utakufa, tena utakufa kwa heshima: hakuna atakayeupinga, ila kila mkutano utaahirishwa.

Kwa hiyo tukaigawa kazi kwa namna ambayo kila mwaka ungekuwa na kitu chake kinachokamilika. Mwaka wangu ungekuwa wa visima. Mwaka wa pili, yule mkunga alichukua vyoo vya shule na mahali pa kunawa mikono. Alisema maji bila choo ni kazi nusu, na kwa ukunga wake hakuna aliyethubutu kubishana naye. Wa tatu, kijana wa uhasibu, akachukua maji ya zahanati. Kitu kimoja tu tulikubaliana kisiwe cha yeyote: matengenezo. Hayo yangeendelea mwaka baada ya mwaka, awepo nani.

Ndipo tukaingia kwenye mkutano, watatu, tukiwa na kauli moja. Upinzani ulitoka kwa mzee wetu mmoja, mwanachama wa siku nyingi ambaye ndiye aliyetufundisha wengi wetu historia ya Rotary. Hoja yake ilikuwa kwamba klabu ya leo haina haki ya kuifunga mikono klabu ya kesho kutwa. Nilimjibu kwa historia ileile. Paul Harris, mwanzilishi wa Rotary, na wenzake watatu walipoanza kukutana Chicago mwaka 1905, kila mara katika ofisi ya mwenzao mwingine, hawakuwa na mpango wa kuihudumia dunia. Mradi wao wa kwanza wa jamii, mwaka 1907, ulikuwa kuhangaikia vyoo vya umma mjini. Lakini itazame polio. Rotary ilianza na chanjo kwa watoto wa Ufilipino mwaka 1979, ikatangaza kampeni ya dunia nzima mwaka 1985, na mwaka 1988 ikaungana na Shirika la Afya Duniani, UNICEF na wengine. Mwaka huo ilikadiriwa kuwa polio iliwapata watu 350,000 katika nchi zaidi ya 125. Tangu hapo maradhi hayo yamepungua kwa zaidi ya asilimia 99, Afrika ilitangazwa kuwa huru na virusi vya asili vya polio mwaka 2020, na nchi ambazo virusi hivyo havijawahi kukatizwa ni Pakistani na Afghanistani. "Mzee, hesabu ni marais wangapi wa Rotary ya dunia wamepita tangu 1985," nikasema. "Kila mmoja mwaka wake mmoja, na hakuna aliyebadilisha wimbo."

Mwenzangu mmoja akaongezea habari za majirani zetu wa Lions, klabu za kujitolea kama sisi. Helen Keller, mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, aliwaomba mwaka 1925 wawe watetezi wa wasioona, na mwaka 1990, miaka 65 baadaye, walikuwa wanaanzisha SightFirst, mpango mkubwa wa kupambana na upofu. Wao pia hubadilisha marais kila mwaka.

Mzee akatabasamu. "Polio ina ofisi na watu wa mshahara," akasema. "Sisi tuna daftari la katibu."

Alinishinda, na nilipenda alivyonishinda, maana alitaja mahali penyewe panapovuja. Nia tulikuwa nayo, ila kumbukumbu zetu zilikuwa vichwani mwa watu, na watu huhama, huchoka, hufa. Tangu siku hiyo nguvu zangu nyingi zilikwenda kwenye mambo yasiyopigwa picha. Mpango ulipitishwa na mkutano mkuu kama azimio la klabu, ukaandikwa kwenye kumbukumbu, ili usije ukaitwa "ule mpango wa fulani". Mwenyekiti wa kamati ya mradi akateuliwa kwa miaka yote mitatu, na tukahakikisha si mmoja wa marais wale watatu. Fedha zikapata akaunti yake, saini tatu, mbili kati yake za watu wasiobadilika na mwaka. Mweka hazina wetu, mtu wa methali, alirudia mpaka tukamkariri: mali bila daftari huisha bila habari.

Ruzuku nayo ilitusaidia kwa namna ambayo wengi hawaitegemei. Ruzuku ya kimataifa ya Rotary inahitaji bajeti isiyopungua dola 30,000, klabu za nchi mbili zishirikiane, na kabla ya kuomba, mahitaji ya wananchi yatathminiwe pamoja nao. Sharti hilo la mwisho wengi huliona ni karatasi za kujaza usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Kwetu ndilo lililobadilisha mradi. Tulikwenda na mchoro wa visima vipya. Mama mmoja aliutazama, akauliza kwa nini tunataka kuchimba kingine na viwili vimelala. Hatukuwa na jibu la maana. Visima vipya vikapungua, na sehemu kubwa ya fedha ikahamia kwenye kufufua vya zamani na kufundisha mafundi palepale, wanawake wakiwa wengi kuliko wanaume, maana ndio wanaoijua pampu ikianza kuwa nzito. Shuleni mwalimu alitupeleka kwenye vyoo vya wasichana, akafunga mlango, ukafunguka wenyewe taratibu. Hakukuwa na komeo kwa ndani. Vyoo vilikuwepo, ila wasichana hawakuviingia. Komeo zile ndizo zilizoingia kwanza kwenye orodha ya mwaka wa pili, kabla hata ya matundu mapya.

Klabu mwenza ya ng'ambo ilitupa changamoto ambayo hatukuiwazia: wao pia walibadilisha rais Julai 1. Katikati ya mazungumzo tukajikuta pande zote mbili tunajitambulisha upya. Tukawaomba nao wamteue mtu mmoja atakayebaki, wakamtoa mhandisi mstaafu aliyesoma kila taarifa mpaka nukta. Ukitafuta mwenza, mtafute mtu kama huyo kabla hujauliza klabu yake ina uwezo gani. Maswali yake yalituudhi na yalitusaidia kwa kiasi kilekile.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni michango ya mwaka wa pili. Wafadhili wanapenda kufungua kitu. Ukiwaambia kazi ni ileile ya mwaka jana, inaendelea vizuri, wanakupongeza na kufunga pochi. Baadhi ya wanachama nao walipunguza kuja. Walisema klabu imekuwa na habari moja. Tulichofanya ni kuacha kuomba fedha za "mradi wa maji" kwa ujumla. Tuliomba komeo za milango ya shule moja. Tuliomba seti ya vipete vya akiba vya pampu moja. Kile kipete kilicholika nilikuwa nakitembeza mfukoni, na nilikiweka mezani kila nilipokwenda kuomba. Watu waliochoshwa na hotuba walikichukua, wakakigeuza, wakauliza maswali yao wenyewe. Waliotoa kidogo kwa kitu wanachoweza kukitaja walirudi kuliko waliotoa kwa jumla.

Makabidhiano tuliyafanya tofauti na desturi ya klabu, ile ya mkufu, picha na hotuba. Tuliandaa faili moja kwa kila kisima: aina ya pampu, kina, ukubwa wa kipete, siku kilipobadilishwa mara ya mwisho, namba za mafundi wawili. Klabu ilibaki na nakala. Faili lenyewe, pamoja na sanduku la vipuri na ufunguo wake, vikakaa kwa kamati ya maji ya watumiaji, ambao ndio wanaochangishana kununua vipuri vipya. Katika yote tuliyoamua, hilo ndilo ningelitetea kwa yeyote. Baadhi ya wenzangu walinung'unika kwamba tunaachia mali ya klabu. Mkunga akawauliza kama wao wangependa ufunguo wa bomba la nyumbani kwao ukae kwa mfadhili.

Katika mwaka wa mkunga, pampu moja iliharibika. Sisi tuliijua habari hiyo kwenye taarifa ya robo mwaka, mstari mmoja kati ya mistari mingi: kipete kimebadilishwa, akiba imebaki viwili, tumeagiza vingine. Nilimpigia mwenyekiti wa kamati ya maji kuuliza mbona hawakutuambia. Alinijibu kwa mshangao wa kweli, "Tuwaambie ili mfanye nini?"

Sasa tuko mwaka wa tatu, kijana wa uhasibu ndiye rais. Maji ya zahanati yamechelewa kwa sababu ya vibali, na amekuwa akivutwa aongeze upandaji miti kwa kuwa klabu nyingine zinapanda. Amekataa, lakini hakukataa kwa jina langu wala kwa jina la mkunga. Alifungua kumbukumbu za mkutano mkuu akasoma azimio. Mzee wetu wa historia ndiye aliyemuunga mkono wa kwanza. Suala pekee ambalo bado linatugawa ni kibao cha zahanati: majina matatu, jina moja, au pasiwe na jina. Limeahirishwa hadi kikao kijacho, na nadhani hapo pia litaahirishwa.