Siku yangu moja: natengeneza bustani za mboga majumbani Dodoma

Nikisema natengeneza bustani za mboga majumbani, wengi wananiona kibarua wa kulima. Basi hii ni siku yangu ya leo.

Saa 11 alfajiri. Namwagilia kitalu changu Nkuhungu: sukuma wiki, chainizi, figiri, nyanya, bilinganya. Lazima nimalize kabla upepo haujaanza, maana Agosti hapa kwetu upepo unakausha mche ungali wima.

Saa 1 asubuhi guta limefika. Tunapakia sururu, beleshi, keni na miche, tunapitia Mkonze kwa mzee anayeniuzia samadi. "Mbukwenyi!" namsalimia kwa Kigogo. Ana samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, ukiishika haina joto. Mbichi inaunguza mizizi, na wengi wanaolalamika kuwa Dodoma haikubali mboga walianza na mbichi.

Saa 3, Ilazo. Mama mwenye nyumba amehamishiwa hapa kikazi kutoka Dar es Salaam.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka matuta kama haya." Ananionyesha picha kwenye simu, matuta yameinuka hadi magotini.

Hapo ndipo muda wangu ulipoishia. Nikamweleza kwamba mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili, na mwaka mzima haizidi sana milimita 600. Tuta lililoinuka linapigwa na upepo kila upande na maji yanakimbia. Huku tunazamisha kitanda cha mboga, sentimita 15 hivi chini ya usawa wa uwanja, ili kila ndoo unayomwaga ibaki pale pale kwenye mizizi. Akakubali. Tukachimba kitanda cha kwanza. Akampigia mumewe simu, akarudi: "Baba anasema yainuke." Nikaeleza upya, safari hii kwa simu, jasho linanitoka na sururu mkononi.

Halafu ardhi yenyewe. Juu udongo mwekundu mgumu, chini yake kokoto, vipande vya tofali na saruji iliyoganda, vyote vimefukiwa na mafundi waliojenga nyumba. Vyote vinatoka kwa mkono. Mama akasimama kivulini akitutazama.

"Kwani kuchimba tu ndiyo bei yote hiyo? Vijana wa mtaani watanifanyia kwa nusu."

Sikupunguza. Miche ni sehemu ndogo ya ninachouza. Anachonilipa ni udongo: kuondoa kifusi, kulegeza chini, kuchanganya ndoo moja ya lita 20 ya samadi kila mita moja ya mraba. Akipata anayepanda juu ya saruji kwa nusu bei, wiki ya tatu atakuwa na vijiti.

Mchana bomba likakauka, siku ya mgao. Tukanunua maji ya madumu kwa mwenye mkokoteni, tukabishana tena nani alipe. Mama akataka tupande saa hiyo hiyo, jua la utosi, kwa kuwa ana wageni jioni. Nikakataa. Mche uliong'olewa kitaluni ukipandwa juani unanyauka hata ukiumwagilia. Tukakaa chini ya mwarobaini, mgongo unauma, tukala ugali na mlenda.

Jua lilipopoa tukapanda. Sukuma wiki kwa nafasi ya sentimita 50, mchicha tukamwaga mbegu kwenye mistari, juu tukatandaza nyasi kavu. Mama akaja na ndoo akamwagilia mwenyewe, akauliza mchicha atachuma lini. Wiki 3 hadi 4 akiutunza, na asing'oe, akate uchipue tena.

Nimefika nyumbani giza limeingia. Kabla sijanawa, simu yake: kuku wa jirani wanakula miche? Wanakula. Kesho asubuhi narudi na wavu, na safari hii bei hakubishana.