Nilivyoitibu setTimeout ya siku 30 iliyokuwa ikidai boda kabla ya wakati

Chama cha akiba na mikopo cha waendesha boda hapa Jinja, Uganda, huwakumbusha wanachama kwa SMS siku ya kulipa inapofika. Programu yenyewe ni ya Node.js (JavaScript inayoendeshwa kwenye kompyuta bila kivinjari), na kila ujumbe iliupangia kwa setTimeout, taima unayoiambia isubiri milisekunde kadhaa ndipo ifanye kazi. Iliandikwa na kijana aliyehamia Kampala, nami nikakabidhiwa wakati wanachama wamekwisha kukasirika. Mtu anachukua mkopo wa mwezi mmoja, hela bado hajazihesabu, simu inalia: "Leo ni siku ya kurejesha mkopo wako." Mzee mmoja alirudi dirishani akamuuliza katibu, "Mama, mkono huu mnanipa, huu mnanidai?"

Ushauri ulikuwa tele. Fundi mmoja alisema seva imeelemewa, inunuliwe kubwa zaidi. Mwingine alitaka tuhame kampuni inayotutumia SMS, na katibu alikuwa ameshaanza kuulizia bei, laki kadhaa. Hakuna kati yao aliyekuwa amefungua msimbo wa programu hata kuutazama. Jambo hili linaniudhi mpaka leo.

Mimi nilianza na swali moja: mbona wenye mikopo ya wiki hawalalamiki? Wiki moja ni milisekunde 604,800,000. Wiki mbili, 1,209,600,000. Siku 30 zinafika 2,592,000,000. Sasa, setTimeout hushika muda kwa namba ya biti 32 yenye alama (ya + au -), na kikomo chake ni 2,147,483,647, yaani karibu siku 24 na saa 20. Ukizidisha hapo Node haikatai wala haisimami: inaufanya muda wako kuwa milisekunde 1 na kuendelea na kazi. Ndiyo maana mkopo wa mwezi ulikuwa unadaiwa papo hapo. Tena Node ilikuwa imesema! Faili la makosa lilijaa mistari ya TimeoutOverflowWarning, onyo kwamba muda umezidi kikomo, ambayo hakuna aliyewahi kuisoma. Nilifurahi sana siku ile, nikamwonyesha katibu namba zenyewe kwenye kikokotoo cha simu yake.

Jamaa mmoja akasema basi gawanya siku 30 vipande viwili vya 15. Hapana. Taima huishi ndani ya programu inayoendelea, na programu ikizimwa taima zote zinakufa nayo. Kompyuta ilikuwa ofisini, na umeme wetu mnaujua. Hata ile mikopo ya wiki, kuna wanachama ambao hawakukumbushwa kabisa kwa sababu umeme ulikatika katikati.

Nikaitoa tarehe kwenye taima, nikaiweka kwenye hifadhidata: jedwali moja, namba ya simu, muda wa kutuma, na hali. Taima ikabaki moja tu, kazi yake kuamka kila dakika na kuuliza, nani wakati wake umefika na bado hajatumiwa? Umeme ukirudi, waliopitwa wanakutwa palepale.

Hapo usitumie setInterval, taima inayojirudia yenyewe kila muda fulani. Yenyewe haingoji kazi ya kusubiri mtandao iishe. Mtandao ukiwa mzito na kutuma kukachukua dakika moja na nusu, duru ya pili inaanza juu ya ya kwanza na mtu anapata SMS mbili. Mimi nina async function inayotuma kwa await, yaani inasubiri kutuma kuishe, kisha ndani ya finally, sehemu inayotekelezwa hata kosa likitokea, inajipangia duru inayofuata kwa setTimeout, ili hata kosa likitokea mzunguko usikatike. Na muda siandiki 60000 (milisekunde za dakika moja) hivi hivi. Naandika 60000 - Date.now() % 60000, yaani milisekunde zilizobaki kufika dakika inayofuata, hivyo huamka mwanzoni mwa kila dakika ya saa ya ukutani na haichelewi kidogo kidogo siku nzima. Hiyo naipenda sana. Kila mstari kwanza unabadilishwa hali kuwa "unatumwa", ndipo SMS inatoka.

Baadaye tulihamia seva ya kukodi, na ujumbe wa saa 1 asubuhi ukaanza kufika saa 4. Seva ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, na msimbo wa zamani ulisema 7 tu (saa 1 asubuhi yetu). Uganda iko saa 3 mbele mwaka mzima, hatusogezi saa, kwa hiyo sasa kila muda unaandikwa na +03:00 mwishoni.

Jambo jingine: hesabu ya riba ya mwisho wa mwezi ilikuwa inazuia kila kitu, kwani JavaScript yako inakwenda kwenye uzi mmoja, yaani kazi moja kwa wakati mmoja, na taima husubiri uwe huru. Muda unaotaja ni wa chini kabisa, Node haikuahidi kwamba itafika kwa wakati huohuo. Nikaigawa hesabu mafungu, kati ya fungu na fungu nikaweka setImmediate, inayoachia nafasi kazi nyingine kabla ya fungu linalofuata.

Na kujaribu? Weka mstari wenye muda wa dakika mbili mbele, namba iwe yako.

Juzi katibu ameomba wanachama wakumbushwe pia siku moja kabla. Nimeongeza mstari wa pili kwa kila mkopo kwenye jedwali, taima sijaigusa.