Siku Moja Maishani Mwangu: Mpiga Eko na Mioyo Iliyobadilika Umbo

Saa 1:30 asubuhi. Nawasha mashine ya eko, kipimo kinachoonyesha moyo kwa mawimbi ya sauti, na kutumbukiza chupa ya jeli kwenye bakuli la maji moto. Jeli ya baridi ikimgusa mtu kifuani anakakamaa, na picha inaharibika kabla hatujaanza. Kisha nazima taa. Kazi yangu karibu yote hufanyika gizani.

Saa 2. Wa kwanza ni mama aliyeishi na presha miaka mingi. Analalia ubavu wa kushoto, mkono chini ya kichwa, ili moyo usogee karibu na mbavu. Ukuta wa moyo wake una milimita 14. Kwa mwanamke haukupaswa kuzidi 9. Umejaa misuli kama mkono wa mbeba mizigo, kwa sababu kila pigo unashindana na presha. Nguvu ya kusukuma ipo: kila pigo linatoa asilimia 60 ya damu iliyomo, na hiyo ni kawaida.

"Kama nguvu ipo mwanangu, mbona nahema nikipanda ngazi?"

Majibu hutolewa na daktari, si mimi, lakini swali kama hilo huwezi kulinyamazia. Namwambia chumba cha ndani kimekuwa finyu na kigumu, hakilegei kupokea damu. Mfuko mgumu haujai, mama.

Saa 4. Anaingia kijana, viatu kavaa kama ndala kwa jinsi miguu ilivyovimba. Naweka probu, kile kifaa cha mkononi kinacholeta picha, na hata kabla sijapima chochote naona: duara.

Ventrikali ya kushoto, chumba cha moyo kinachosukuma damu mwilini, ikiwa nzima hufanana na yai lililochongoka, urefu karibu mara mbili ya upana. Ya kijana huyu ni mpira. Kipenyo sentimita 6.8, wakati kwa mwanaume mwisho ni kama 5.8. Kila pigo linatoa robo tu ya damu iliyomo.

Wengi hudhani moyo mkubwa ndio wenye nguvu. Ni kinyume. Chumba kikitanuka na ukuta ukawa mwembamba, ukuta huo unavutwa zaidi hata kama presha haijabadilika. Ndiyo kanuni ya Laplace, yule Mfaransa wa hesabu. Halafu misuli inayoshikilia nyuzi za vali ya mitrali, mlango wa kuingilia chumba hicho, inasukumwa kando, vali inabaki wazi kidogo, damu inarudi ilikotoka. Kwenye skrini naiona kama mwali wa rangi unaoruka kinyumenyume. Moyo unabeba mzigo zaidi, unatanuka zaidi. Hapo nimetumia dakika 50 badala ya 30, na foleni nje inanung'unika.

Saa 7, chakula, haraka haraka.

Mwenzangu anauliza kwa nini wasikate tu kipande moyo urudi udogo wake. Walijaribu! Miaka ya 1990 daktari mpasuaji wa Brazil, Randas Batista, alikata kipande cha ukuta na kuushona. Wengi tu moyo wao ulitanuka tena, na upasuaji ule ukaachwa. Kinachonishangaza mimi ni kwamba kazi hiyo ya kuurudisha udogo wake hufanywa na vidonge, taratibu, kwa kuzuia homoni zinazouchapa moyo uliochoka. Beta bloka, dawa zinazopunguza kasi ya moyo, ni kati ya vidonge hivyo, na zamani zilikatazwa kwa wagonjwa hawa.

Saa 8:15. Dada aliyekuja mwaka jana akiwa na asilimia 28 na moyo uliotanuka bila sababu kujulikana. Leo ni 55, na lile yai limerudi. Napima mara mbili kwa furaha.

"Kwa hiyo vidonge naacha?"

Hapana, dada yangu. Namsimulia utafiti wa Uingereza uliotangazwa 2018: watu 51 ambao mioyo yao ilikuwa imepata nafuu kama wake. Walioachishwa dawa, karibu 4 kati ya 10 waliugua tena ndani ya miezi 6. Kati ya walioendelea kumeza, hakuna. Ananuna kidogo. Anasema basi atamuuliza daktari, na hapo ndipo anapotakiwa kuuliza.

Saa 10:30. Naandika ripoti, bega la kulia linawaka, maradhi yetu sisi wapiga eko. Kwenye ya kijana naandika vipimo vyote na kuhifadhi picha za kila upande. Daktari ameshamwanzishia dawa na kuomba eko nyingine baada ya miezi 3, nami nataka siku hiyo niziweke picha mbili sambamba. Kwenye karatasi ya miadi naongeza kwa kalamu: muda, saa nzima.