Jinsi nilivyotafuta chanzo cha kiyoyozi cha kuhamishika kutopoza chumba

Kiyoyozi changu ni cha aina ile inayosimama sakafuni juu ya magurudumu na kutoa hewa moto nje kwa bomba nene linalopitishwa dirishani. Katika kipindi cha joto kali kilianza kunguruma saa nzima huku chumba kikibaki na fukuto. Wengi wakiona hali hiyo husema papo hapo kwamba gesi imeisha. Sikuanzia huko, kwa sababu gesi ya kiyoyozi haiishi kwa matumizi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua ni lazima pawe na mahali inapovujia.

Nilianza kwa kupima. Nilihakikisha kwanza kwamba rimoti iko kwenye hali ya kupoza, wala si ya feni peke yake, na kwamba nyuzi nilizochagua ziko chini ya joto la chumba. Kisha nilisubiri, kwa kuwa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, ikishazimwa kwa kawaida hucheleweshwa kwa makusudi takriban dakika 3 kabla ya kuwaka tena, ili shinikizo la gesi litulie. Baada ya hapo niliweka kipimajoto mahali hewa inapoingilia, halafu mahali inapotokea. Kiyoyozi kisicho na hitilafu kwa kawaida hutoa hewa iliyo baridi kuliko inayoingia kwa nyuzi 8 hadi 12 hivi za Selsiasi, na changu kilifikia kiwango hicho. Hivyo nilijua kwamba mashine inapoza, na kwamba tatizo ni joto linaloendelea kuingia chumbani.

Ndipo nilipogeukia bomba, ambalo kwa maoni yangu ndilo chanzo cha sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu mashine hizi. Lilikuwa la moto sana, limevutwa hadi mwisho wa urefu wake, na lina kona kabla ya kufika dirishani. Bomba la namna hiyo humwaga joto chumbani kupitia plastiki yake nyembamba, na kona zake huizuia hewa moto kutoka kwa kasi inayotakiwa, kiasi kwamba kompresa hulemewa. Nilisogeza kiyoyozi karibu na dirisha, nikalifupisha bomba na kulinyoosha, nikalizungushia kitambaa cha kuhami joto, kisha nikaziba kwa sponji kila upenyo uliozunguka ubao wa dirishani. Kuongeza bomba jingine ili mashine ikae mbali zaidi ni jambo ambalo watengenezaji hulikataza, na sababu zake ni hizo hizo.

Lipo jambo jingine kuhusu kiyoyozi chenye bomba moja ambalo wauzaji hawalielezi vya kutosha. Hewa inayosukumwa nje huchukuliwa ndani ya chumba chenyewe, na pengo lake hujazwa na hewa ya joto inayopenya chini ya mlango na kwenye nyufa. Mtu hawezi kuikomesha kabisa hali hiyo, lakini nilipofunga mlango wa upande wenye jua na kuacha hewa ya kujazia itoke kwenye ujia wenye kivuli, tofauti ilionekana siku ileile. Mvuto huohuo una hatari yake: nyumba yenye jiko au hita ya kuni, mkaa au gesi inaweza kurudishiwa moshi na hewa yenye sumu ndani, kwa hiyo vitu hivyo visiwashwe pamoja na kiyoyozi cha aina hii. Hasara hizo za joto ndizo zilizofanya Marekani ianze kutumia kipimo cha uwezo wa kupoza kiitwacho SACC, ambacho huzihesabu. Mashine iliyoandikwa BTU 12,000 (BTU ni kizio cha uwezo wa kupoza) kwa kipimo cha zamani huonekana ndogo zaidi kwa kiasi kikubwa ikipimwa kwa SACC.

Baadaye lilikuja suala la maji. Usiku wenye unyevu mwingi kompresa ilizima yenyewe na taa ya tangi ikawaka. Viyoyozi vingi vya kisasa hurusha maji yaliyokusanyika juu ya koili ya moto, yaani mirija iliyokunjwa ambamo gesi hupita, ili yatoke kama mvuke kupitia bomba, lakini hewa ikiwa na unyevu kupita kiasi maji huzidi uwezo huo, na boya dogo lililo ndani hukata kazi kabla hayajafurika. Nilichomoa plagi, nikaweka trei bapa chini ya kizibo cha nyuma, nikayamwaga. Kwa hali ya kukausha hewa nimeunganisha mpira mwembamba unaoteremka moja kwa moja hadi kwenye ndoo, kwa maana ukipanda hata kidogo maji hayatoki. Taa ikibaki inawaka wakati tangi ni tupu, mara nyingi boya limenasa kwenye utelezi, na kulisuuza hutosha.

Kichujio nakiosha kila baada ya wiki mbili kwa maji ya uvuguvugu na kukianika kivulini. Vumbi likikiziba, hewa inayopita kwenye koili ya baridi hupungua na koili huganda barafu. Barafu ikitokea, nazima upozaji, naacha feni pekee iendelee hadi iyeyuke, wala siikwangui kwa kisu, kwa kuwa mirija ya koili ni laini mno.

Kuhusu umeme sina mengi ya kusema: plagi iingie moja kwa moja kwenye soketi imara ya ukutani, bila waya wa kuongezea, na ikipata moto au kuwa kahawia isitumike tena.

Iwapo bomba ni fupi, kichujio ni safi na umeme uko sawa, lakini tofauti ya nyuzi kati ya hewa inayoingia na inayotoka bado ni ndogo mno, hapo namwita fundi, nami humsomea vipimo nilivyochukua pamoja na aina ya gesi iliyoandikwa kwenye lebo. R-290 ni propani na hushika moto kwa urahisi, kwa hiyo ni lazima aijue kabla ya kufungua chochote.