Nyuma ya Mackinnon Road, siku moja ndani ya nyika ya Taru

Wengi wetu watu wa Mombasa nyika ya Taru twaijua kwa usingizi. Unapanda basi la Nairobi usiku pale Mwembe Tayari, likifika Mazeras ushaegemeza kichwa dirishani, ukizinduka ni Mtito Andei watu washuka kunywa chai. Mimi nimepita hivyo miaka na miaka na kila nikiulizwa hapo kati kuna nini nilikua nasema hakuna kitu, ni vichaka tu. Basi mwisho wa Septemba nimeenda mchana, na tukatoka barabara kubwa tukaingia ndani kabisa, na nimeona nikae niandike kabla sijasahau.

Tulikua watatu, mimi, shemeji yangu na ami. Ami ameendesha malori njia hii tangu mimi sijaanza shule na pikap ni yake, foowili ya zamani lakini inatunzwa kama mtoto. Tulitoka Bamburi saa kumi na moja alfajiri na mahamri na mbaazi, chupa mbili za chai, spea taya mbili na mitungi minne ya maji ya lita ishirini ishirini. Shemeji akauliza maji yote hayo ya nini na tunarudi leo leo, ami hakumjibu.

Ukipita mchana kitu cha kwanza unachoona ni vile minazi inavyoisha. Mazeras imejaa tele, Mariakani ishaanza kupungua, ukishapita Maji ya Chumvi huioni tena, udongo unageuka mwekundu na mibuyu imesimama mmoja hapa mwengine kule kama wazee wamegombana. Nilikuja kusoma baadaye kwamba matabaka ya mawe ya huku wanajiolojia wameyaita kwa majina ya vituo hivi hivi tunavyopigiwa kelele na makondakta, Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru, na kila ukienda bara mawe yazidi kuwa ya kale, ya Taru yamepita miaka milioni 250. Yaani unaendesha gari huku unarudi nyuma, na hakuna aliyewahi kunambia!

Na ni mawe hayo ya Taru yaliyokua yakiokoa roho za watu. Juu yake kuna mashimo, wenyewe waita ngurunga, mvua ikinyesha yanajaa na jiwe halinywi maji kama mchanga kwa hivyo yanakaa. Misafara ya zamani ya kutoka pwani kwenda bara ilikua ikipanga safari kwa hizo ngurunga, ukizikuta zimekauka ni wewe na Mola wako. Hata reli ilipoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka wa 1896, walipoingia Taru maji ya kunywa yalibidi yaletwe kwa treni kutoka nyuma.

Mackinnon Road, kile kimji cha kando ya barabara kubwa, tulisimama msikitini kwa Sayyid Baghali, yule wa kutoka Punjab aliyefanya kazi ya reli na akazikwa hapo kando ya reli, wanasema karai la mchanga lilikua likielea juu ya kichwa chake asiliguse. Ami hajawahi kupita hapo bila kusimama. Tukasoma dua, tukanywa chai, tukakata kushoto kuelekea mlima wa Kilibasi.

Hapo sasa ndio barabara ikaisha na njia ikaanza. Mwanzo ni vijituta vidogo vya mfululizo, ukienda polepole vinakutingisha mpaka meno yanagongana, ukienda mbio kidogo gari linapita juu juu lakini breki hazishiki sawasawa, ami akachagua polepole. Halafu ni mawe, halafu ni laga, mito mikavu ya mchanga mtupu, tukashuka kutoa upepo kwenye taya ili zitanuke zisizame. Na vumbi, mashallah, vumbi jekundu mpaka kwenye mbaazi.

Lakini uzuri wake! Vichaka vyote vimekauka rangi ya majivu, havina jani hata moja, na katikati yake unakuta lile ua la waridi la jangwani ambalo huku mjini twalipanda kwenye makopo barazani, huko limeota lenyewe juu ya jiwe, shina nono kama mguu wa mtoto, halina majani, maua matupu ya pinki. Nilimwambia ami asimame mara tatu. Digidigi wanavuka wawili wawili, hondohondo wanaruka mbele ya gari kama wanatuonyesha njia. Na mavi ya tembo njiani, hayajakauka bado, tukafunga vioo tukanyamaza.

Taya ilipasuka karibu na silanga moja, bwawa la kukingia maji ya mvua, mwiba wa mgunga umeingia mzima. Tulipokua tunapiga jeki akatokea mzee mmoja wa Kiduruma na punda wawili na mitungi ya njano, akaweka mizigo yake chini akaja kutusaidia bila kuulizwa. Silanga lenyewe lilikua limebaki tope na dimbwi la maji rangi ya chai ya maziwa, na pembeni nyayo za tembo kubwa kama sinia. Mzee akasema wanakuja usiku, wanakunywa hayo hayo. Akatuhadithia miaka ile mvua zilizofeli mfululizo, 2020 mpaka 2022, ng'ombe wake walivyokwisha, na nikakumbuka kuwa kati ya Februari na Oktoba 2022 walihesabu tembo 205 waliokufa kwa ukame nchini. Nilisikia habari hiyo kwa redio nikiwa naoga.

Na uchungu ni kwamba bomba la maji ya chemchemi za Mzima linapita kule kule kwenye barabara kubwa tulikotoka, limelazwa tangu miaka ya 1950, mvua ya milima ya Chyulu inachujwa ndani ya mawe ya volkano, inatokeza Mzima, halafu inasafiri zaidi ya kilomita 200 kupita chini ya nyika hii yote ije Mombasa. Mimi maji yakikatika siku mbili Bamburi nalalamika mtaa mzima unisikie. Mzee na punda wake sikujua nimwambie nini.

Ami alikua ashashusha mitungi mitatu. Mzee akaonja kwa kiganja, akacheka, akasema haya ni madzi kweli, yaani maji kwa Kiduruma. Shemeji akambebea mpaka kwa punda.

Kilibasi tulifika saa saba, jiwe kubwa limechomoza peke yake kwenye tambarare, na nyuma yake kule mbali Kasigau, mlima wa zaidi ya mita 1,600, umejifunika wingu. Tukala chini ya mbuyu. Hatukupanda, jua lilikua kali na taya ya spea imebaki moja. Kurudi ni njia ile ile ila si njia ile ile, jua likiwa limeinama nyika yote inawaka kama makaa yanayopulizwa.

Maghrib ilitukuta Mackinnon Road. Nikafungua bomba, nikalifunga, nikatafuta kopo. Nilitawadha kwa kopo moja na likabaki kidogo.